Bibi Zetu Hawakufunga Genge: Mwanamke Asiye na Mume na Biashara Ndogo Katika Historia ya Pwani



Mwezi wa Shaaban mafundi hatulali. Kila mwenye posa anataka nikah ipite kabla ya Ramadhani, na vitambaa vinarundikana mezani mpaka hatuoni mkasi ulipo. Katika msimu kama huo aliingia kwenye fremu yetu hapa Boko bi harusi mmoja, binti wa miaka ishirini na mitatu, kujaribu gauni lake la nikah. Fremu tumepanga watatu. Mmoja wetu ameachika na ana watoto wawili, mmoja ni mjane, na mmoja hajaolewa na thelathini imeshapita. Vyerehani vitatu, overloki moja, kodi tunachanga.

Binti yule anapika sambusa na visheti nyumbani kwao, anasambaza madukani mpaka Bunju. Kitambaa cha gauni lake kakinunua kwa pesa ya sambusa. Tukiwa tunamchomekea pini kiunoni, akatuambia mchumba wake amemtaka aache biashara akishaolewa, yeye atamtosheleza kwa kila kitu. Tukamuuliza, wewe mwenyewe unaonaje? Akajibu bila ubaya wowote:

"Dada zangu, biashara si ya mwanamke asiye na mume? Nyie mnashona kwa sababu mko peke yenu. Mimi naolewa, nihangaike ya nini?"

Tulinyamaza. Kinywani tulikuwa na pini, lakini hata bila pini tungenyamaza. Maneno yale yalikuwa na ukweli ndani yake, maana kila mmoja wetu alianza kushona kwa dhati siku alipojikuta peke yake. Lakini yalibeba pia dhana inayotembea mitaani kwetu, kwamba biashara ndogo ya mwanamke ni adhabu ya kukosa mume, na kwamba dawa yake ni kuolewa.

Tangu siku ile tumekuwa tukiulizana, tukiwauliza wazee, na kusoma tulichoweza kusoma. Tumegundua kwamba hiyo dhana ni ngeni. Bibi zetu wa pwani na visiwani hawakuiona hivyo. Wao walijua kwamba mwanamke anaweza kuwa mwali, mke, mtalaka, mjane, na mke tena, na katika hali zote hizo mkono wake ukawa na kazi yake. Leo tunataka kuwasimulia hao bibi zetu.

Tuanze na mama yetu Khadija

Hakuna Muislamu asiyemjua Bibi Khadija binti Khuwaylid (r.a.). Lakini mara nyingi tunamtaja kama mke wa kwanza wa Mtume (s.a.w.) na tunapita haraka kwenye yale yaliyotangulia ndoa ile. Alikuwa mjane. Alikuwa mfanyabiashara wa Makka mwenye mali yake, anayeajiri watu wapeleke bidhaa zake kwenye misafara ya kwenda Sham. Mtume wetu alimjua kwanza kama mwenye mali aliyempa kazi ya kusafiri na biashara yake, na uaminifu wake katika kazi ile ndio uliomfanya Bibi Khadija avutiwe naye. Posa ilitoka upande wa mwanamke.

Biashara yake ilitangulia ndoa, na mali yake ikaja kuwa nguzo ya nyumba ile na ya Uislamu katika miaka yake migumu. Na Qur'ani katika Suratun Nisaa inatufundisha kwamba mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, na kwamba wanawake wana fungu lao katika walichokichuma kama wanaume walivyo na lao. Mwanamke wa Kiislamu anayehesabu faida yake jioni hajaiga mtu wa nje. Ana mwalimu wake nyumbani.

Ukili, kofia na mtoto mwenye sinia

Sasa tuje kwetu. Wengi wetu tuna bibi au mama mkubwa Unguja, Pemba, Mafia au mwambao wa Bagamoyo ambaye mikono yake haikuwahi kukaa bure. Alisuka ukili, akaunganisha mikeka. Alishona kofia za mkono, zile za viua vidogo vidogo zinazochukua wiki nyingi kumalizika. Alipika vitumbua, mikate ya kumimina na mandazi kabla ya alfajiri.

Wanawake wengi wa enzi hizo hawakutoka hovyo mchana. Heshima ya nyumba ilitaka wabaki ndani. Lakini bidhaa zao zilitoka. Sinia lilibebwa na mtoto, wa kwake au wa jirani, akapita nalo mtaani akinadi, na jioni pesa ikarudi ndani na kufungwa kwenye pindo la kanga. Mwanamke alikuwa pazia, biashara yake ilikuwa barabarani. Na pesa ile mume hakuigusa. Akiachwa, aliondoka na mikeka yake, vyungu vyake, na ufundi wa mikono ambao hakuna kadhi wala mume angeweza kuugawa.

Kisiwani tunaye pia Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880. Dunia inamkumbuka kwa taarab, kwa kuwa mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sauti yake kwenye santuri, na nyimbo za Kiswahili zikasikika majumbani kote pwani. Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Lakini kabla ya hayo yote Siti alikuwa binti wa shamba aliyeuza vyungu. Aliolewa, akaachika, akabaki na mtoto, na karibu na mwaka 1911 akahamia mjini Zanzibar kutafuta maisha. Hakuwa na elimu ya darasani wala jina la ukoo wa kumtetea. Alikuwa na bidhaa kichwani na sauti ya kuinadi.

Hatusemi kila aliyeachika atakuwa Siti. Tunasema tu kwamba talaka haikuandikwa usoni pake kama mwisho wa habari.

Dar es Salaam ya miaka ya 1950

Sasa tuvuke maji tuje huku Bara, maana ndipo penye kisa ambacho tunadhani kila bi harusi angetakiwa kusimuliwa siku ya kufundwa.

Dar es Salaam ya wakoloni iligawanywa kwa rangi. Wazungu walikaa upande wa bahari, Wahindi katikati ya mji, na Waafrika Kariakoo, Ilala, na baadaye Magomeni na Temeke. Kazi za mshahara zilikuwa za wanaume, na mshahara wenyewe ulipangwa kana kwamba mfanyakazi hana mke wala watoto. Mwanamke wa Kizaramo, Kirufiji au Kimanyema aliyekaa mjini hakuwa na ofisi ya kumwajiri. Alijiajiri. Aliuza mandazi, samaki wa kukaanga, maharage, kuni, nazi. Wapo pia waliopika pombe ya kienyeji, na hatutaficha hilo kwa sababu dini yetu inaikataza. Ndiyo historia ilivyo, na wengine waliifanya kwa kukosa njia nyingine.

Ndoa za mji ule zilivunjika mara nyingi. Mwanamke wa miaka arobaini aliyeolewa mara mbili au tatu alikuwa jambo la kawaida. Katikati ya ndoa moja na nyingine aliishi peke yake, au na mama yake, au na shoga. Wakati huo haukuwa wa kukaa gizani kungoja. Ulikuwa wakati wa kukusanya mtaji. Waliojaliwa walijenga nyumba za Kiswahili, zile za ukumbi katikati na vyumba pande mbili. Mwenye nyumba akakaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Kodi ya vyumba ikawa ndiyo pensheni yake.

Katika mji huo mwaka 1926 alizaliwa Titi binti Mohamed. Alisoma mpaka darasa la nne. Alipopevuka akawekwa ndani kama mila ilivyotaka, na akiwa na miaka kama kumi na minne akaozwa kwa mtu mzima aliyemzidi sana umri. Ndoa haikudumu. Alibaki na mtoto mmoja wa kike. Aliolewa tena baadaye, na mjini akajulikana kwa sauti yake katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba.

Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikaanzishwa. Mwaka uliofuata alikuja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akawauliza viongozi: wanawake wenu wako wapi? Palihitajika jibu la haraka, na jina lililotajwa likawa la Titi. Yeye na mumewe walikuwa wameshachukua kadi za TANU mapema, na mume akaridhia aende. Akawa kiongozi wa sehemu ya wanawake wa chama, na pamoja naye wakasimama kina mama kama Tatu binti Mzee na Hawa binti Maftah.

Ndani ya miezi michache ya mwaka 1955 wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamechukua kadi. Hebu tulitafakari hilo, dada zetu. Hapakuwa na simu ya mkononi. Wengi hawakujua kusoma. Waliwezaje?

Kwa nini wao

Mtafiti Mmarekani, Susan Geiger, alikuja miaka ya 1980 kuwahoji hao kina mama wakiwa wazee. Alichokikuta kinajibu swali la bi harusi wetu kuliko sisi tunavyoweza. Wengi wa wanawake walioijenga TANU Dar es Salaam walikuwa Waislamu, watu wazima, wenye elimu ndogo ya darasani, walioishi kwa biashara ndogo ndogo. Na wengi walikuwa wameachika, baadhi zaidi ya mara moja.

Kwa nini wao na si wake za makarani, waliosoma zaidi? Sababu iko wazi ukiijua serikali ya mkoloni. Watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na chama cha siasa. Karani akionekana na kadi, kazi imekwenda. Mkewe akionekana kwenye mkutano, nyumba nzima iko hatarini. Mwanamke aliyesoma, mwenye mume mwenye mshahara mzuri, alikuwa amefungwa na ule mshahara.

Muuza mandazi nani angemfukuza kazi? Mkoloni hakuwa na barua ya kumwandikia. Aliyeachika hakuwa na mume wa kumwambia kaa ndani. Alimaliza kuuza saa nne asubuhi, na kuanzia hapo siku ilikuwa yake. Alikuwa na wateja kila mlango, kwa hiyo alikuwa na habari za kila mlango. Alikuwa kwenye kikundi cha ngoma, kikundi kina kiongozi, na kiongozi akisema neno moja watu mia wanalisikia. Alikuwa na senti zake za kununua kadi, na zipo simulizi za wanawake waliowanunulia waume zao kadi na kuwafichia, kwa kuwa waume walihofia ajira.

Yale ambayo mji uliyaona kuwa upungufu wao, kukosa mume, kukosa ajira, kukosa cheo, ndiyo yaliyowapa nafasi ya kusimama wakati wengine wamekaa. Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ilipopanda, jasho lao lilikuwamo.

Na tusisahau kuwa Bibi Titi mwenyewe wakati ule alikuwa mke wa mtu. Hao kina mama hawakuichukia ndoa, na wengi waliolewa tena. Walichokuwa nacho ni kwamba ndoa ikija haikuwakuta mikono mitupu, na ikiondoka haikuwaacha hivyo.

Nyumba za kupangisha

Baada ya uhuru Bibi Titi akawa mbunge, naibu waziri, na mwenyekiti wa kwanza wa UWT ilipoundwa mwaka 1962. Kisha mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha. Miiko yake ya uongozi ilimkataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Azimio lilikuwa na nia yake, kuzuia viongozi wasijitajirishe migongoni mwa wananchi, na wengi walilipenda kwa hilo. Lakini Bibi Titi alikuwa na nyumba zake, na badala ya kuziacha akaacha uongozi.

Wapo waliomwona mchoyo. Sisi tunaoshona kwa kodi ya mwezi tunamwelewa. Mwanaume wa ofisini aliiachia nyumba ya kupangisha na kubaki na mshahara na pensheni. Mwanamke wa darasa la nne, aliyeachika tangu ujana, pensheni yake ilikuwa tofali. Ukimwambia aiachie, unamwambia arudi kuomba.

Yaliyofuata yalikuwa mazito. Mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Akiwa gerezani mume aliyekuwa naye wakati huo alimwacha. Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe, akatoka. Kwa miaka mingi jina lake halikutajwa. Polepole heshima ikarudi, na leo barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam inaitwa Bibi Titi Mohamed. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 huko Johannesburg. Allah amrehemu.

Daladala zinapita kwenye barabara hiyo kila siku, makonda wanaitaja, na wengi waliomo ndani hawajui kuwa ni jina la mwanamke aliyeozwa akiwa mtoto, akaachika, na akasimama.

Mshahara ulipokwisha

Labda mtasema, hao walikuwa wanasiasa. Haya, tuje kwenye majiko ya mama zetu wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mshahara wa Tanzania ulianguka. Mlio na wazazi wa umri huo mmesikia habari za foleni za sukari na sabuni, na kanga za kugawiwa. Mshahara wa mwezi wa baba haukumaliza wiki. Nani alilisha nyumba? Mtafiti mwingine, Aili Mari Tripp, aliyeishi Dar es Salaam miaka hiyo, aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hilo. Alionyesha jinsi familia za mji zilivyoendeshwa na miradi: kuku uani, ng'ombe nyuma ya nyumba, vitumbua, barafu, cherehani barazani. Na wenye miradi mara nyingi walikuwa wanawake, walioolewa na wasioolewa. Walichangizana kwa upatu, kila mmoja akipokea kwa zamu, na zamu ikifika ndiyo inanunua cherehani au sufuria kubwa.

Mwanzoni serikali haikulipenda jambo hilo. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya Nguvu Kazi, na wasio na ajira inayotambulika wakasombwa mijini kupelekwa mashambani. Wauzaji wadogo walikimbizwa. Lakini bila miradi hiyo mji ungekufa njaa, na baadaye serikali yenyewe ililegeza. Mke wa karani, yule ambaye miaka ya 1950 aliogopa kusogea kwenye mkutano, sasa alikuwa anauza maandazi shuleni, na pesa yake ilikuwa kubwa kuliko mshahara wa mumewe.

Biashara ya mwanamke asiye na mume ilikuwa imegeuka kuwa uokovu wa mwanamke mwenye mume. Binti yetu wa sambusa, hapo ndipo tulitaka ufike.

Neno la sheria

Kuna jambo jingine linalomhusu kila bi harusi wa Bara. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtambua mwanamke aliyeolewa kuwa na haki sawa na mumewe ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitoa uamuzi katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ambao mawakili wanautaja hadi leo. Mahakama ilisema kazi za nyumbani za mke, kupika, kufua, kulea, ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Kabla ya hapo mwanamke wa ndani aliweza kuambiwa hukuchangia chochote.

Lakini kesi hiyo ina upande wa pili ambao haukumbukwi sana. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu. Mahakama iliona kwamba mumewe alishampa pesa za kuanzisha mradi na pesa zile zikatapanywa. Kanuni ikawasaidia wanawake wote waliokuja nyuma yake, yeye akatoka bila fungu. Sisi tunalichukua hilo kama somo la daftari. Ukipewa mtaji, uandike. Ukiuza, uandike. Ukimsaidia mume kuezeka, uandike. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba mna Mahakama ya Kadhi katika mambo haya, lakini daftari linasaidia mbele ya kadhi kama linavyosaidia mbele ya hakimu.

Tulichomjibu bi harusi

Hatutaki mtu asome haya aseme tunahubiri wanawake wasiolewe. Ndoa ni sunna, ni stara, na sisi wenyewe tunaiombea. Wala hatusemi kukaa peke yako ni rahisi. Kuna usiku mtoto ana homa na hakuna wa kumwambia shika taa. Kuna mwenye fremu anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na anakuzungusha kwa sababu hukuja na mwanaume.

Na yapo maneno. Yule aliyeachika kati yetu, mwaka wake wa kwanza baada ya kumaliza eda, aliletewa kitambaa cha bi harusi. Alikuwa ameshakata. Siku ya pili akaja mama wa bi harusi, amejitanda vizuri, akasema kwa upole amesikia fundi hana mume, na kwao gauni la mwali halishikwi na aliyeachika, litamletea mkosi. Akachukua vipande vyake, akavifunga kwenye mfuko, akaondoka. Pesa ya kukata hakulipa. Dada yetu alikaa kwenye cherehani mpaka Magharibi bila kushona kitu.

Tungekuwa tunaijua historia hii siku ile, tungemwambia mama yule kwamba hata uhuru wa nchi yake ulishikwa na mikono ya walioachika, na haukupata mkosi. Hatukuijua, tukamwacha aende. Ndiyo sababu tunaiandika leo, ili mwingine awe na la kusema.

Binti wa sambusa tulimjibu hivi. Kwanza, mchumba wako anayesema atakutosheleza anasema vizuri. Nafaka, nguo na pa kulala ni wajibu wake kisheria na kidini, na uchumi wako usimwondolee wajibu huo. Pili, kukutosheleza leo si kukuhakikishia kesho. Mume anaumwa, anaachishwa kazi, anakufa, na mnaweza kushindwana. Mjane wetu alikuwa na mume mwema, na umauti ulimchukua na wema wake wote. Tatu, sambusa zako si alama ya upweke. Ni amana. Ukizifunga leo, wateja wanakwenda kwa mwingine, na siku ukizihitaji utaanza kwenye mavumbi, ukiwa na majonzi juu.

Nne, zungumza kabla ya nikah. Usisubiri uingie ndani ndipo uanze kuuza kwa kificho na kumfanya mume adhani unamdharau. Mwite shangazi au somo yako akae nawe, mseme linalowezekana na lisilowezekana, na kama mnataka kuweka sharti, mumuulize shekhe mnayemwamini namna yake.

Alirudi wiki iliyofuata kuchukua gauni. Lilimkaa vizuri, mashaAllah, tukampulizia udi kidogo hapo hapo dukani. Tukamuuliza, mmezungumza? Akasema ndiyo, mbele ya shangazi yake. Mchumba hakukubali yote. Hataki azunguke madukani. Lakini apike, na kijana wa bodaboda apite asubuhi kuchukua ndoo na jioni kuleta pesa. Daftari litakuwa la mke.

Tulicheka wote watatu, naye akashangaa tunacheka nini. Tulikuwa tunamfikiria yule mtoto wa zamani mwenye sinia kichwani, anayetoka alfajiri na mandazi ya mwanamke aliyebaki ndani, na kurudi jioni na pesa mkononi. Amebadilika tu, siku hizi anavaa kofia ngumu na ana pikipiki.

Basi dada zetu, mlio wali, mlio wake, mlioachika, mlio katika eda, na nyinyi mliochelewa kama mmoja wetu anavyoambiwa kila Idi: mkono wenye kazi ni heshima ya mwanamke katika hali zote hizo. Waulizeni bibi zenu waliuza nini, na pesa walifunga wapi. Mtasikia makubwa.

Allah atupe waume wema, atupe na riziki ya halali mikononi mwetu. Aamin.